Mizani ya Nati

Hakuna chombo cha safari kilichoyageuza maisha ya Wagusii katika miaka ya karibuni kama pikipiki. Katika kaunti za Kisii na Nyamira, ambazo hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilizikuta na wakazi 1,266,860 kwa ile ya kwanza na 605,576 kwa ile ya pili, wote wamekaa juu ya vilima vilivyosongamana, na mashamba yao, membamba kwa kugawanywa kizazi baada ya kizazi, yakiteremka kutoka ukingo wa barabara hadi kijito kilicho bondeni, njia ya gari aghalabu huishia mbali na mlango wa mtu, na sehemu ya safari iliyobaki hukamilishwa kwa magurudumu mawili. Mkungu wa ndizi uendao soko la Daraja Mbili mjini Kisii, gunia la majani mabichi ya chai, jiwe laini la Tabaka liendalo kwa wachongaji, debe la maziwa, mfuko wa mbolea, mtoto wa shule, mgonjwa, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, wote hupandishwa na kuteremshwa na chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wawili na injini ya sentimita za ujazo 100 au 150.

Chombo hicho, ukikitazama kwa jicho la fundi, si kitu kimoja, bali ni mkutano wa vitu vingi visivyo na undugu, chuma cha pua na alumini, mpira na shaba, vilivyokubali kukaa pamoja kwa sababu tu vimefungwa kwa bolti na nati. Na bolti hizo na nati hizo, kubwa kwa ndogo, kila moja ilipewa na wasanifu wake kadiri yake ya kukazwa, isiyotakiwa kupungua wala kuzidi, ikaandikwa kwa tarakimu katika kitabu cha matengenezo. Kadiri hiyo ndiyo maudhui ya makala haya. Naiandikia kwa kuwa naona ndiyo elimu iliyopuuzwa kuliko zote katika ufundi wa pikipiki wa nchi hii ya vilima, na kwa kuwa gharama ya kupuuzwa kwake hulipwa mara nyingi na abiria ambaye hajapata kushika spana maishani mwake.

Wenye pikipiki wengi hujitengenezea vyombo vyao wenyewe, nami siwalaumu hata kidogo. Kijana aliyenunua pikipiki kwa mkopo, ambaye kila jioni hana budi kutenga fungu la mwenye deni kabla hajanunua unga, hufanya la busara anapojifunza kumwaga oili iliyochoka na kutia mpya, kufungua plagi na kuisafisha, kuvuta cheni iliyolegea, na kubadili viatu vya breki vilivyokwisha, maana kila kazi aifanyayo kwa mkono wake ni akiba, na zaidi ya akiba ni maarifa, kwani anayekijua chombo chake kwa ndani hukisikia kinapoanza kuugua. Lakini kazi hizo zote, hata iliyo nyepesi, huanza kwa kufungua nati na huisha kwa kuikaza, na hapo kwenye kuikaza ndipo panapoharibika mambo.

Ukipita Keroka, mji uliokaa mpakani pa kaunti hizi mbili katika barabara ya Kisii iendayo Sotik, au ukisimama katika steji yoyote kati ya Suneka na Nyansiongo, utakuta chini ya mti au kibanda cha mabati mafundi wenye ustadi wa kustaajabisha, wanaotambua ugonjwa wa injini kwa kuusikiliza mlio wake, wanaofungua gia yote na kuirudisha bila ya kuandika neno karatasini. Lakini katika sanduku la vyombo vyao, penye spana za kila namba, koleo, bisibisi, nyundo na tindo, chombo kimoja hukosekana karibu kila mahali, nacho ni kile cha kupimia nguvu ya mkono. Kijana anayefunzwa kazi humwuliza mkuu wake, "Mzee, hii imetosha?" Naye hujibu, "Ongeza kidogo, kijana wangu, isije ikatuaibisha njiani." Katika neno hilo la kuongeza kidogo mna nia njema tupu, na humo humo ndimo zinamozaliwa hasara nyingi.

Watu wengi hudhani kwamba nati hushika kwa sababu imefika mwisho wa njia yake, na kwamba kadiri inavyosukumwa mbele ndivyo inavyozidi kushika. Hakika ya mambo ni nyingine. Bolti ikazwapo huvutika. Urefu wake huongezeka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na maadamu chuma cha pua kina tabia ya kurejea umbo lake, bolti iliyovutika hutaka kurudi ilivyokuwa, na huko kutaka kurudi ndiko kunakoviminya vipande viwili vilivyowekwa pamoja hata visiweze kuteleza. Nguvu ya kuminya huko ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: bolti nyembamba ya milimita 6, ikikazwa kwa kadiri yake ya kawaida, huminya kwa nguvu inayofikia uzito wa kilo 800 hivi. Ikikazwa pungufu ya hapo, haikuvutika ya kutosha, haina hamu ya kurudi, na mtetemo wa injini, ambayo kwa mizunguko 5,000 kwa dakika hupiga zaidi ya mara 80 katika kila sekunde, utailegeza nati kidogo kidogo mpaka idondoke. Ikikazwa kupita kadiri, huvuka mpaka ambao chuma hakirudi tena. Huwa imerefuka daima, kiuno chake kimepungua, na hata isipokatika papo hapo mbele ya fundi, itakatika siku nyingine mbele ya abiria.

Hilo ni kwa bolti yenyewe. Lakini katika pikipiki bolti ya chuma cha pua aghalabu huingia katika mwili wa alumini, ambao ni laini kuliko yeye, na hapo anayekufa kwanza ni mwenyeji. Hesi zilizochongwa ndani ya alumini hung'oka na kutoka pamoja na bolti mithili ya nyuzi, na kitundu hubaki kitupu. Pigo hili lina mahali pake palipozoeleka, napo ni bolti ya chini ya injini, ile ya kumwagia oili. Kwa kuwa oili ya bodaboda hubadilishwa mara nyingi, bolti hiyo hufunguliwa na kufungwa kuliko nyingi nyinginezo, na kwa kuwa kila afungaye huogopa oili isivuje, kila afungaye huongeza kidogo. Hata siku moja mkono husikia wepesi wa ghafula, bolti ikazunguka bila ya kushika, na hesi zikawa zimekufa. Baada ya hapo huanza mlolongo wa tiba zisizoponya: utepe wa mafundi bomba huzungushwa, gundi hupakwa, bolti pana zaidi hulazimishwa ijichongee njia, na oili hudondoka tone tone barabarani mpaka siku ambayo injini, ikipanda kilima cha Manga na magunia mawili mgongoni, huishiwa na oili na kushikana ndani. Washa ndogo ya shaba au alumini inayokaa chini ya kichwa cha bolti hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kuziba, nayo huziba kwa kupondeka kidogo inapominywa kwa kadiri; washa iliyotumika mara nyingi imekwisha pondeka, haizibi tena, na dawa yake ni washa mpya ambayo bei yake ni ya chini sana, wala si nguvu ya bega.

Kipimo cha kukaza huitwa nyutoni-mita, kwa jina la Isaac Newton, mtaalamu wa Uingereza, na maana yake si ngumu: ukishika mkono wa chuma wenye urefu wa mita 1 na kuusukuma mwisho wake kwa nguvu ya nyutoni 1, ambayo ni karibu uzito wa gramu 100, umekaza kwa nyutoni-mita 1. Ndicho kipimo kile kile ambacho wauza pikipiki hukitumia kuisifu injini, waambiapo kwamba Boxer ya 150 hutoa takriban nyutoni-mita 12. Sasa na tuifanye hesabu ya mkono. Vitabu vya matengenezo vya Honda, kwa bolti za kawaida ambazo hazikutajiwa kadiri ya peke yake, huamuru nyutoni-mita 10 kwa bolti ya milimita 6, 22 kwa ile ya milimita 8, na 34 kwa ile ya milimita 10. Na katika pikipiki nyingi za Asia bolti hizo huvaa vichwa vinavyofunguliwa kwa spana namba 10, namba 12 na namba 14. Spana namba 10 ya kawaida ina urefu wa sentimita 12 hivi. Ili kupata nyutoni-mita 10 kwa urefu huo, mkono hauna budi kuvuta kwa nguvu ya kilo 8 na nusu tu, ilhali mkono wa kijana anayebeba magunia huvuta kilo 25 au 30 bila ya kukunja uso. Nguvu hiyo ni zaidi ya nyutoni-mita 30, ambayo ni mara tatu ya iliyotakiwa. Na akivisha spana paipu ili apate urefu wa nusu mita, kama iwavyo siku zote nati ya ekseli ikiwa imeshika kutu, basi kwa mkono huo huo amefika nyutoni-mita 150. Ndiyo kusema kwamba waliotengeneza spana namba 10 wakaifanya fupi hawakuwa wachoyo wa chuma. Ufupi wake ni aina ya hadhari, na paipu ni kuibatilisha hadhari hiyo.

Upande wa pili wa maafa ni nati iliyolegea. Nati ya ekseli ya nyuma hufunguliwa kila cheni inapovutwa, na katika njia za udongo mwekundu za Nyamira, wakati wa masika, tope huila cheni hata ikahitaji kuvutwa mara kwa mara. Kadiri ya nati hiyo katika pikipiki ndogo aghalabu hupita nyutoni-mita 50, na fundi aliyezoea bolti ndogo anaweza kuidhania imekaza ilhali iko nusu ya njia. Gurudumu hupinda upande mmoja, cheni huruka meno ya sproketi, na ikiruka katika mteremko hujisokota ikalifunga gurudumu. Lakini iko nati moja ambayo ningependa kila mwenye pikipiki aiendee leo akaiangalie, nayo ni ile ya fito ya chuma inayoshika sahani ya breki ya nyuma, upande mmoja sahanini na upande wa pili kwenye mkono wa gurudumu. Breki ya ngoma inapobanwa, sahani hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu, na kitu pekee kinachoizuia ni fito hiyo. Nati yake ikianguka, siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu sahani huzunguka, hukata waya au fimbo ya breki, na huweza kulifunga gurudumu kwa ghafula. Ndiyo sababu katika pikipiki nyingi waliotengeneza hawakuridhika na nati pekee, bali wakatia tundu na spliti pini ya kuilinda. Na ndiyo sababu huniuma kuona pini hiyo imetupwa na mahali pake pametiwa kipande cha waya wa kufungia ua, au hapana kitu kabisa.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya nchi zenye vibanda vya mabati. Tarehe 10 Mei 2002, nchini Uingereza, treni ya abiria iliacha reli karibu na stesheni ya Potters Bar, kaskazini ya London, watu 7 wakafariki. Na uchunguzi ulikuta kwamba nati za fito zinazoshika reli za kubadilishia njia hazikuwa zimekaa kama inavyopasa, zimelegea na nyingine zimetoka. Taifa lililomtoa Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alipendekeza hesi za nchi nzima ziwe za umbo moja badala ya kila karakana kuchonga yake, lilipigwa na nati.

Kumtaja Whitworth kunanikumbusha balaa jingine ambalo kwetu limeenea. Bolti ya pikipiki ikipotea, mwenye chombo hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi lililo karibu, akachukua bolti yenye unene unaofanana, akaridhika. Unene si sifa pekee ya bolti. Bolti ya milimita 10 ya pikipiki aghalabu ina hesi za karibu karibu, milimita 1.25 kutoka moja hadi nyingine, ilhali ile ya dukani kwa kawaida ina 1.5, ukiilazimisha itaingia mizunguko miwili mitatu, itakuwa ngumu, mkono utadhani imekaza, kumbe imeua hesi na haijaminya kitu. Tena kichwani mwa bolti njema huandikwa tarakimu, 8.8 au 10.9, zinazoeleza uimara wa chuma chake, na zile za kufungia mabati na milango huwa 4.6 au 4.8, au hazina alama yoyote. Bolti kama hiyo, ikipewa kadiri iliyoandikwa kwa ajili ya 8.8, huvutika kama nta. Kadiri ya kukaza haiwezi kutenganishwa na bolti iliyokusudiwa.

Liko pia jambo la msuguano, ambalo hata mafundi wenye vyombo vizuri husahau. Nguvu yote unayoitia katika spana, ukiigawa mafungu kumi, mafungu matano hivi huliwa na msuguano wa kichwa cha bolti na kitu kinachokaliwa, mafungu manne huliwa na msuguano wa hesi, na fungu moja tu ndilo linalobaki kuivuta bolti. Kwa hiyo hali ya hesi ni kila kitu. Zikiwa na kutu na tope, msuguano hula zaidi, kipimo kinasoma sawasawa ilhali bolti haikuvutika. Zikiwa na oili au grisi, msuguano hupungua, na kadiri ile ile iliyokusudiwa hesi kavu huivuta bolti kupita mpaka. Vitabu vingi hukusudia hesi safi na kavu, isipokuwa pale vinaposema wazi kwamba itiwe oili, na anayepaka grisi mahali pasipoamriwa imempasa apunguze takriban robo. Katika Kisii na Nyamira, ambako mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka na ambako pikipiki hubeba mbolea ya chai, yenye chumvichumvi inayokula chuma, kusafisha hesi kwa brashi ya waya kabla ya kufunga ni nusu ya kazi. Nalitaja kwa mkazo kwa sababu ndiyo nusu isiyohitaji kununua chochote cha thamani.

Silinda hedi ina sheria yake. Nati zake, ambazo kwa kawaida ni nne, haziandamani kwa zamu ya kuzunguka. Hukazwa kwa mkingamo, hii na iliyo pembe ya mbali nayo, kisha zile mbili zilizobaki, injini ikiwa imepoa, na kwa daraja mbili au tatu mpaka kufikia kadiri ya mwisho. Anayeikaza moja mpaka mwisho kabla ya kuigusa ya pili huipinda hedi kwa kiasi kisichoonekana, gasketi hubanwa upande mmoja na kuachiwa upande mwingine, na baada ya siku chache moshi na oili hutoka pembeni. Hapo huilaumu gasketi, na huuziwa gasketi nyingine, na hukaza vile vile.

Chombo cha kuondoa dhana hizi zote ni spana yenye kipimo, ambayo mafundi huiita toki renchi. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Conrad Bahr, mtumishi wa idara ya maji ya jiji la New York, ambaye mwaka 1918 aliitafuta njia ya kuwazuia wafanyakazi wasikaze kupita kiasi bolti za mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara. Nami hufarijika kujua kwamba chombo hiki hakikuzaliwa katika kiwanda cha ndege wala cha magari ya fahari, bali mtaroni, kwa ajili ya watu wenye mikono yenye nguvu kama hii yetu. Iliyo ya kawaida sasa huwekewa tarakimu kwa kuzungusha mpini, na kadiri ikifika hulia tik na kulegea kidogo mkononi. Mlio huo ni amri ya kuacha. Wako wanaovuta mpaka ilie mara ya pili na ya tatu kwa kujihakikishia, na kila mlio wa ziada ni kukaza kwa ziada. Asiyekuwa na fedha za kununua spana mbili, ndogo na kubwa, na atafute ile ya kati, yenye kuanzia nyutoni-mita 5 au 10 mpaka 60 hivi, maana ile kubwa ya magari, inayofika 200, haina uaminifu katika tarakimu za chini, na bolti nyingi za pikipiki ziko huko chini.

Lakini sitaki mtu aliyeko Kiamokama au Kebirigo aseme kwamba makala haya yameandikiwa matajiri. Katika viunga hivi vya chai, ambako wakulima hupeleka majani yao kwa viwanda vya Sanganyi, Nyankoba, Kebirigo, Ogembo na vinginevyo, hakuna mtu asiyejua mizani ya kuning'iniza, na hakuna mkulima anayekubali karani wa kituo akadirie gunia lake kwa kuliinua kwa mkono na kusema kwamba lafaa kuwa kilo 20. Angemwita mdhalimu. Mkono wa karani unaokataliwa kwenye chai ndio mkono wa fundi unaokubaliwa kwenye breki. Na mizani ile ile inaweza kuleta insafu kote kuwili. Pima kutoka katikati ya nati mpaka mahali utakapoifunga ndoano ya mizani kwenye mpini wa spana. Tuseme ni sentimita 30, yaani mita 0.3. Zidisha 0.3 kwa 9.8, upate 2.94. Kadiri unayoitaka, tuseme nyutoni-mita 25, igawe kwa hiyo 2.94, upate kilo 8 na nusu. Sasa vuta mizani taratibu, kamba na spana vikifanya pembe mraba, na mshale ukifika kilo 8 na nusu acha hapo hapo. Kwa nati ya ekseli yenye kadiri ya 60, na spana ya sentimita 40, ni kilo 15 na kidogo. Mizani ndogo ya kupimia mizigo ya wasafiri hufanya kazi hiyo vyema, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya spana yenye kipimo. Kosa lake ni la asilimia chache. Kosa la mkono, kama tulivyoona, ni la mara tatu.

Tarakimu zenyewe zatoka wapi? Kile kijitabu kinachotolewa pamoja na pikipiki mpya aghalabu hueleza mambo ya dereva, na jedwali kamili la kadiri hukaa katika kitabu cha fundi, ambacho mawakala huwa nacho na ambacho mwenye chombo ana haki ya kuuliza. Aulizapo, ahadhari na vipimo, maana vitabu vya India na Japani huandika mara nyingi kilo-mita pamoja na nyutoni-mita, na kilo-mita 1 ni nyutoni-mita 9.8, na spana nyingi zina mistari miwili ya tarakimu mpinini, mmoja wa nyutoni-mita na mmoja wa futi-ratili, na futi-ratili 1 ni nyutoni-mita 1.36. Aliyeandikiwa 25 akaisoma katika mstari usio wake, amekaza 34, na kwa bolti ya oili tofauti hiyo yatosha kuua hesi. Akishazipata tarakimu, na aziandike zile za muhimu, ekseli mbili, fito ya breki, plagi, bolti ya oili, nati za hedi, nati za mpini, vishikizo vya injini na zile za sproketi, katika kipande cha kadi, na akiweke chini ya kiti pamoja na hati za chombo.

Liko shauri moja ningependa kulipeleka kwa vyama vya wanabodaboda. Vijana wa steji moja tayari hushirikiana katika mchango wa msiba, katika mgonjwa, na katika kununuliana pikipiki kwa zamu. Spana moja yenye kipimo, iliyonunuliwa kwa mchango na kukaa kwa mtunza hazina, ingetosha watu ishirini au thelathini, kwa kuwa kila mmoja ataihitaji kwa dakika chache tu kwa mwezi. Kisii National Polytechnic na vyuo vya ufundi vya vijijini katika kaunti zote mbili vina walimu wa mitambo wanaoweza kuwafundisha watu wa steji katika alasiri moja, na sioni kazi ya serikali za kaunti iliyo sahali kuliko kuigharimia alasiri hiyo.

Aliyekabidhiwa spana hiyo na airudishe kwenye tarakimu ya chini kabisa kila inapokwisha kutumika, ili springi iliyo ndani isichoke; asiitumie kufungulia nati iliyoganda; asimpe mtu aipigie nyundo; na ikianguka sakafuni kwa kishindo, au mwaka ukipita, aijaribu. Kuijaribu hakuhitaji maabara. Kishikio chake cha mraba hubanwa katika jiriwa, spana ikilala sambamba na ardhi, na mpinini, penye umbali wa sentimita 40 kutoka kwenye jiriwa, huning'inizwa dumu lenye lita 10 za maji, ambalo pamoja na uzito wa plastiki yake huwa kilo 10 na nusu hivi. Nguvu yake ni nyutoni-mita 41, na uzito wa mpini wenyewe huongeza moja au mbili. Ikiwekwa kwenye 35 yapasa ilie dumu linapoachiliwa. Ikiwekwa kwenye 50 yapasa inyamaze. Na isipofanya hivyo, irudishwe dukani au kwa fundi wa vipimo kabla haijagusa pikipiki nyingine.